Nyavu Namba Tano Mpaka Nane

Jumamosi, 30 Novemba

Ndege thelathini na wawili leo. Kumi na mmoja kutoka upande wangu. Mvua ilitungoja mpaka saa tatu, ndipo tukafunga.

Upande wangu ni nyavu namba tano mpaka nane, kule kwenye mafunjo. Aneth ana moja mpaka nne, kando ya mibuni ya zamani. Kaka Deo anakaa mezani chini ya turubai na koleo, rula na mizani yake. Kila nusu saa tunazunguka. Nusu saa, si dakika arobaini. Ndege aliyenaswa huchoka upesi kuliko unavyodhani, na jua likipanda anakufa kwa joto hapo hapo anaponing'inia, bila jeraha lolote. Kaka Deo alitueleza hilo siku ya kwanza, mwaka jana. Hajarudia. Si mtu wa kurudia maneno.

Nanasua miguu kwanza, halafu mabawa, kichwa mwisho. Natia kwenye mfuko mweupe wa pamba, mfuko naning'iniza shingoni. Joto lake nalisikia kifuani. Mezani yeye anamvisha pete mguuni, anapima, anataja, mimi naandika. Namba ya pete, aina, bawa, uzito, saa. Ndege anaachiwa. Anayefuata.

Hapa haniulizi mtu kwa nini sisemi. Ndiyo sababu nakuja. Wengine nawaambia ni kwa ajili ya ndege.

Jumatano, 4 Desemba

Mwalimu alinisimamisha kujibu. Jibu nilikuwa nalijua. Kwa Kiingereza nilikuwa nalo, kwa Kiswahili nilikuwa nalo, lakini sauti haikuja. Jovina akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, Bubu anajibu kimoyomoyo." Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, akanikalisha.

Bubu. Tangu kidato cha kwanza. Wala hasemi kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniuma. Nadhani amesahau kwamba nina jina.

Nyumbani Kihaya, darasani Kiingereza. Daftari hili ni la Kiswahili kwa sababu hakuna anayenigombeza kwa Kiswahili.

Kesho kutwa tunafunga shule. Afadhali.

Jumamosi, 7 Desemba

Leo tumekamata shorewanda mwenye pete yetu ya miaka minne iliyopita. Kaka Deo akafungua kitabu cha zamani, akaipata namba, akaniita nione. Siku hiyo alikamatwa kwenye wavu namba sita. Leo, namba sita. Miaka minne na hajahama hata hatua ishirini.

Afisa wa maliasili atakuja kutoka Bukoba kabla ya mwaka kuisha. Atakagua vitabu vyote. Kibali cha Kaka Deo ni cha kujifunza, na amejifunza kwa misimu sita. Vitabu vikiwa sawa atapewa kamili. Visipokuwa sawa, hakuna nyavu. Na bila nyavu hakuna hifadhi. Mwenyekiti wa kijiji ameshasema mbele za watu kwamba bonde litaachwa lilivyo maadamu kuna kazi inayotambuliwa na serikali. Isipokuwepo, anagawa viwanja vya kabichi. Watu wameshachagua na mahali pa kulima.

Aneth anasema Kaka Deo akipata kibali ataoa mke wa pili amwite Kibali, kwa jinsi anavyokiota. Kaka Deo alitabasamu, akaendelea kunoa penseli.

Safu ya waliokufa msimu huu iko tupu. Mwaka jana walikuwa watatu. Aliwaandika mwenyewe, mmoja mmoja, na sababu.

Jumanne, 10 Desemba

Senene wameshuka. Mama amefurahi. Baba amefurahi.

Siandiki leo.

Jumatano, 11 Desemba

Naandika.

Jana tulifungua nyavu saa kumi na mbili na nusu. Usiku kulikuwa na manyunyu, asubuhi anga likatakata. Saa moja simu ya Kaka Deo ikalia, mkewe. Mtoto wao mdogo ana degedege. Alisimama mpaka kiti kikaanguka. Akatuambia tuzunguke mara moja, tuwatoe waliopo, tufunge nyavu zote nane, turudi nyumbani. Akapanda pikipiki. Sheria ya kibali ni kwamba mwenye kibali anaondoka wa mwisho, nyavu zikiwa zimeshafungwa. Tulijua wote watatu. Lakini mtoto ana degedege.

Aneth akaenda kwake, mimi nikaenda kwangu. Njia yangu inapita ukingoni mwa rweya, ule uwanda wa nyasi juu ya bonde. Nikaona nyasi zinatembea. Senene. Wamejaa kila mahali, wa kijani na wa kahawia, mabawa mazito kwa umande, wanakamatika kama unachuma mboga. Watu walikuwa tayari wanashuka kutoka migombani na ndoo, na mifuko ya unga, na mashuka. Watoto wanakimbia. Akina mama wanaimba.

Jovina alikuwepo na wenzake wanne. Aliniona. Akainua mkono.

"Koku, njoo huku. Huku ndiko wamejaa."

Koku. Akasema Koku.

Nikaenda. Nilijiambia dakika tano. Sikuwa na chombo. Nilikuwa na mifuko ya ndege, sita, shingoni. Nikajaza wa kwanza. Jovina akaushika, akasema huo mfuko mzuri, umeutoa wapi, nikamwambia. Nikazungumza. Nikamwambia habari za ndege, akauliza, nikajibu. Kuna mmoja aliteleza akaanguka juu ya ndoo yake, senene wote wakatoka, tukacheka mpaka nikakaa chini. Aneth alitokea na ndoo ya kuazima. Nyavu zake alikuwa ameshazifunga. Akaniuliza kama nimefunga zangu.

Niliitikia kwa kichwa.

Nilikuwa na maana ya kwenda. Nilikuwa na maana ya kwenda mara tu baada ya mfuko ule. Halafu ikawa mfuko mwingine.

Niliposhtuka jua lilikuwa linachoma shingo. Saa tatu imepita.

Senene walikuwa wamenasa kwenye nyavu. Makumi. Na ndege walikuwa wamefuata senene. Mbayuwayu wanne kwenye namba tano, wamejizungusha kamba mpaka huwezi kujua bawa ni la nani. Siafu walikuwa wameshapanda kwenye mwanzi wa namba saba. Wengine walikuwa bado wana joto. Sikuweza kujua kama ni joto lao au la jua. Wanane niliwanasua wazima, wakaruka. Mmoja akaruka kidogo akaanguka majini, sikumwona tena.

Waliokufa:
minana tisa
mbayuwayu wanne
chozi watatu
shorewanda wawili
mdiria mmoja
wawili wale wadogo wa kahawia wanaotoka Ulaya, mafuta ya safari ya kurudi bado hawajapata

Ishirini na mmoja. Nimeorodhesha hapa tu. Kitabuni nimeandika: nyavu 5–8, zimefungwa saa moja na robo. Ndege hakuna.

Namba nane ilichanika, niliikata mahali pawili kumtoa mdiria. Nitasema mbuzi alipita.

Watatu walikuwa na pete. Shorewanda mmoja sikusoma namba yake. Koleo la kutolea pete analo Kaka Deo. Nilikuwa na kisu. Ningeweza kukata miguu. Nilikiweka kisu kwenye mguu wa kwanza na sikuweza. Nikawazika wote kwenye kibanja chetu, shamba la nyumbani, upande wa nyuma, chini ya majani makavu ya migomba. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Sikuchimba sana.

Mifuko sita ya senene niliipeleka nyumbani. Mama alikatakata vitunguu. Baba akasema binti aliyemletea babake senene lazima avishwe, desturi ni desturi, Krismasi nitapata gauni. Waliniwekea sahani ya kwanza.

Nilikula. Walikuwa watamu.

Kitu ambacho siwezi kumwambia mtu: yale masaa mawili yalikuwa mazuri kuliko yote ya mwaka huu.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimefua mifuko. Miwili ina madoa ya kijani. Nimesugua kwa majivu. Bado.

Ijumaa, 13 Desemba

Mtoto wa Kaka Deo amepona. Malaria ilimpanda kichwani lakini zahanati walimwahi. Kaka Deo amekuja amekonda kwa siku tatu. Alitushukuru. Sisi, kutushukuru. Akasema asingeweza kuondoka vile kama asingekuwa na watu wa kuwaamini.

Nilimwambia habari ya mbuzi. Akaketi akaushona wavu.

Halafu akajaza ripoti ya msimu. Akafika kwenye safu ya waliokufa. Akageuza kurasa, akahakikisha, akaandika sifuri kwa wino. Akasaini. Nilikuwa nimekaa kando yake nimeshika rula. Ilikuwa rahisi kabisa kusema wakati ule. Neno moja tu. Karatasi ilikuwa bado iko chini ya mkono wake.

Mimi ni mwoga. Si mpole kama wanavyosema kanisani. Mwoga.

Jumapili, 15 Desemba

Jovina alinifuata baada ya misa. Ameniita twende kwao kusuka. Nimesema naumwa kichwa. Ndiyo nilichokitaka kwa miaka mitatu. Sasa nikimwona nasikia harufu ya nyavu.

Jumatatu, 16 Desemba

Mbwa wa jirani amewafukua.

Mama alifika kwanza. Manyoya yametapakaa mpaka kwenye njia. Amefikiri ni uchawi, mtu ametupandia kitu kibanjani. Amemwita jirani, jirani amemwita jirani. Mpaka jioni nusu ya kitongoji walikuwa wamepita kuangalia. Mwenyekiti naye. Akaokota mguu wenye pete kwa kijiti. Akauliza pete hizi anazo nani hapa kijijini. Watu wakajibu kwa pamoja.

Baba aliniuliza kama najua lolote. Nikatikisa kichwa. Amezoea kwamba sisemi, kwa hiyo hakuuliza tena. Kutosema kwangu kumekuwa mahali pa kujificha.

Jumanne, 17 Desemba

Maneno yanayotembea: Deo anawauzia waganga. Deo anapelekea wazungu vichwa. Deo alikuwa anawazika kwa Mzee Rugaimukamu (baba) ili kumroga asishinde kesi yake ya mpaka wa shamba. Kuna anayesema hata mtoto wake aliugua kwa sababu ya ndege.

Tungekuwa na mvua watu wangekaa ndani.

Jumatano, 18 Desemba

Aneth alikuja. Alikaa jikoni, akamsalimia mama, wakaongea bei ya kahawa. Mama alipotoka kuchukua kuni Aneth akaniangalia.

"Koku, uliitikia kwa kichwa."

Niliinama nikachochea moto. Mama akarudi, Aneth akaaga. Mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hatasema, si kwa kunipenda, ila ni jambo langu kulisema. Na mkutano wa kijiji ni kesho, afisa ameshaitwa.

Alhamisi, 19 Desemba

Mkutano. Mabenchi nje ya ofisi ya kijiji. Afisa ni mtu wa makamo, buti safi, sauti ya upole. Kaka Deo alikuja na vitabu sita amevifunga kwenye kanga ya mkewe.

Mwenyekiti alieleza. Mguu wenye pete ukawekwa mezani kwenye karatasi. Mzee mmoja akauliza, kama Deo anawaua hawa ndege kila wiki, mbona hajawahi kutualika mchuzi, waitu, ndugu zangu. Watu wakacheka. Hata afisa. Nilidhani kicheko kitamwokoa.

Kaka Deo akasimama. Akasema ndege hufa, hata kwake wamekufa, na kila aliyekufa yumo. Akafungua mwaka jana, akasoma wale watatu. Akafungua mwaka juzi. Akasema msimu huu hakuna. Alisema bila kujisifu. "Kitabu hiki hakijawahi kuandikwa uongo."

Nilikuwa nimekaa na wanawake, safu ya tatu, kati ya mama na mke wa Kaka Deo. Mtoto alikuwa mapajani mwake. Alikuwa anachezea kitufe cha sweta yangu.

Afisa akachukua miwani, akasoma namba kwenye pete, akaitafuta kitabuni. Shorewanda. Yule wa miaka minne. Mara ya mwisho ameandikwa mzima tarehe saba mwezi huu. Kwa mwandiko wangu.

Kaka Deo aliangalia ukurasa. Niliona anaelewa. Macho yake yalishuka mpaka tarehe kumi, nyavu 5–8, akaunganisha na mbuzi, na mifuko yenye madoa, sijui, vyote. Nikangoja anitazame.

Hakunitazama. Alimwambia afisa, "Nyavu ni zangu. Mwenye kujibu ni mimi."

Afisa akamuuliza basi ilikuwaje. Akasema hawezi kueleza bado. Watu wakaguna. Mwenyekiti akaketi, akanyoosha miguu kama mtu aliyemaliza kula.

Nikasimama. Kweli nilisimama. Mama akanivuta nguo, akanong'ona choo kiko nyuma. Nikaenda chooni.

Ijumaa, 20 Desemba

Nilifika mpaka kwenye ua wa nyumba yake. Nikasikia anapasua kuni. Nikarudi.

Jumamosi, 21 Desemba

Tena. Mpaka mlangoni. Mkewe alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni. Nikasema nimepita tu kusalimia. Alinipa ndizi za kupeleka nyumbani.

Jumapili, 22 Desemba

Nimesema.

Baada ya misa nilimfuata mpaka kwake. Alijua namfuata, alitembea polepole. Nilikuwa nimeandaa Kiswahili, kwa sababu kazini huwa tunaongea Kiswahili. Sentensi tatu, nimezikariri. Zote zikapotea. Nikajikuta nasema Kihaya, kama mtoto, nikiangalia viatu vyake. Nilisema yote. Senene, Jovina, kichwa, kisu, migomba.

Hakukatiza. Mwisho akauliza wangapi. Nikasema. Akauliza kama nawakumbuka kwa aina. Nikatoa daftari hili kwenye mkoba, ukurasa wa tarehe kumi na moja. Akaingia ndani akatoka na kitabu, akakiweka juu ya gogo la kupasulia kuni, akaniambia nisome. Mnana. Akaandika. Mnana. Akaandika. Hakutaka niseme minana tisa kwa pamoja. Wavu gani, akauliza kila mmoja. Kwa wengine nilikumbuka. Kwa wengine akaweka alama ya kuuliza.

Mkewe alikuja kusimama. Aliposikia senene alianza kucheka, kisha akaacha.

Nilisema nisamehe. Akasema kusamehe ni kitu kingine, tukimalize hiki kwanza.

Tulipomaliza akaeleza, na ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akiongea kwa muda mrefu. Kwamba ningemwambia siku ile ile angeandika ishirini na mmoja, na sababu, na kwamba aliondoka kabla nyavu hazijafungwa kwa ajili ya mtoto. Wangemkaripia. Pengine wangemwongezea mwaka mmoja wa kujifunza. Basi. Ndege hufa, kila mtu wa kazi hii anajua. Lakini sasa kitabu kimeonyesha sifuri mahali palipo na ishirini na mmoja, na amesaini.

"Sasa watauliza namba zote, Koku. Za miaka sita."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilifikiri nimeua ndege. Sikujua nimeua na kitabu.

Baba na mama nimewaambia jioni. Baba akauliza, ni wale senene tuliokula. Nikasema ndiyo, wale.

Jumatatu, 23 Desemba

Bukoba. Kaka Deo alinipakia pikipiki, kwa ruhusa ya baba. Nilishika vitabu kifuani.

Nilikuwa nimefikiri hivi: nikisema ukweli mbele ya afisa, kosa litahama. Litatoka kwake lije kwangu, na mimi sina kibali cha kunyang'anywa. Usiku mzima nilijifariji hivyo. Leo sauti ilikuja. Sijui kwa nini leo. Nilisimama nikamweleza kwa Kiswahili kilichonyooka, mwanzo mpaka mwisho, sikulia.

Alisikiliza vizuri. Akaniagizia soda. Kisha akauliza nina miaka mingapi.

Kumi na sita.

Akaandika. Akamuuliza Kaka Deo kama kuna barua ya mzazi kwenye faili. Hakuna. Mwaka jana baba alisema kwa mdomo tu, kwenye uzio, inatosha kwetu. Afisa akaandika na hilo. Akauliza kwa hiyo asubuhi ile nyavu zilibaki na watoto wawili. Kaka Deo akasema Aneth ana kumi na tisa. Na huyu, akauliza afisa. Kaka Deo akasema na huyu, ndiyo.

Niliona kalamu inavyokwenda. Kila neno langu lilikuwa linamkata yeye.

Afisa hakuwa mbaya. Alisema wazi: kibali kinasimamishwa kuanzia leo, vitabu vinabaki ofisini, na takwimu za misimu yote sita zitawekwa kando kwa sababu hazina wa kuzithibitisha. Anaweza kuomba upya baada ya miaka miwili. Alisema amesikitika kwa sababu mwandiko ni mzuri sana.

Mwandiko ni wangu. Misimu miwili ya mwisho.

Soda sikuinywa. Kaka Deo alisema niibebe, mtu ameshailipia.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Bibi amekuja kutoka Izimbya. Gauni ni la bluu, linanitosha. Kila mtu amesema linanipendeza. Nimeshukuru.

Ijumaa, 27 Desemba

Mwenyekiti amepima bonde kwa kamba. Vigingi mpaka kwenye maji. Baba hakuchukua kiwanja. Sikumwomba asichukue. Aliniambia tu akiwa anafunga mbuzi kwamba hakuchukua.

Jumamosi, 28 Desemba

Tumeng'oa mianzi. Mimi, Aneth, Kaka Deo. Miti kumi na sita. Nyavu amezikunja kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Atazirudisha kwa waliomwazima.

Aneth hakutania hata mara moja. Alipokuwa anaondoka alinisukuma bega, si kwa nguvu. Kaka Deo amepata kazi ya kupima kahawa kwenye ghala, mpaka msimu uishe. Alinieleza kama mtu anavyomweleza mtu yeyote. Nilitaka anikasirikie. Ningemwomba lakini ningeonekana najifikiria mimi tena.

Nilimuuliza kama ananichukia. Nimejishangaa kuuliza. Akafikiri. Akasema hapana, lakini hatanipa tena kazi ya ndege, hata akipata kibali. Akasema nisikie vizuri, anasema hilo bila hasira.

Nimesikia.

Jumatano, 1 Januari

Jovina alikuja kunisalimia mwaka mpya. Nilimwambia kila kitu. Alishangaa, akasema lakini ni ndege tu, Koku. Nikasema ndiyo. Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Jumamosi, 4 Januari

Jumatatu wiki ijayo shule. Leo mama alitaka nyasi mpya za kutandaza sebuleni kabla wageni hawajaondoka, tukashuka bondeni na mundu.

Upande wa mibuni wameshachoma. Miche ya kabichi imepandwa kwa mistari, imefunikwa majani ya migomba kuzuia jua. Upande wa mafunjo bado hawajaufikia. Mwenye kiwanja kile yuko Mwanza, atarudi mwezi wa pili.

Nilikata, mama akafunga mizigo. Umande ulikuwa mwingi. Chozi mmoja alitua kwenye ua la mwitu, karibu kabisa, kama hatua tatu. Dume, kifua kinang'aa. Mguu wa kulia ulikuwa na pete. Nikaacha kukata. Namba haisomeki kwa umbali ule, lazima umshike. Alichomeka mdomo kwenye ua, akageuka, akachomeka tena upande wa pili. Hakuwa na haraka.

Mama akauliza kuna nini. Nikasema ndege.

Akaruka kuelekea majini. Nikamalizia nyasi.